Madarász: mchoraji aliyeomboleza hadi taifa likachoka

Ni sanda nyeupe, na penye shingo pana doa la damu. Jicho likishaliona doa hilo haliondoki upesi. Picha yenyewe ni kubwa, karibu mita 2.4 kwenda juu na zaidi ya mita 3 kwa upana, na sehemu yake kubwa imemezwa na giza la kanisa. Maiti imelazwa mbele, imefunikwa gubigubi. Kando yake wanawake wawili wamepiga magoti, mmoja mama wa marehemu, wa pili mchumba wake. Hakuna umati wala askari, na aliyekata kichwa hayumo. Mchoraji amewaondoa wote, akatuachia msiba peke yake.

Viktor Madarász alikamilisha kazi hiyo jijini Paris mwaka 1859, akiwa bado hajatimiza miaka 29. Inaitwa Maombolezo ya László Hunyadi, na inatunzwa katika Jumba la Taifa la Sanaa la Hungaria, ndani ya kasri la kilima cha Buda jijini Budapest. Anayetoka nje ya jumba hilo hahitaji kutembea sana kufika uwanja wa Szent György, mahali ambapo Hunyadi huyo alikatwa kichwa tarehe 16 Machi 1457. Ni nadra picha ya kihistoria kuning'inia karibu hivyo na damu iliyoizaa.

Bila kisa chenyewe, picha hii hubaki kuwa msiba wa watu wengine. János Hunyadi, baba wa kijana, ndiye aliyelirudisha nyuma jeshi la Sultani Mehmed II pale Belgrade mwaka 1456. Wiki chache baada ya ushindi akafa kwa tauni. László akarithi jina la baba, na maadui wa baba pia. Mwaka huohuo watu wake wakamuua Ulrich wa Cilli, ndugu wa mfalme. Mfalme mwenyewe, Ladislaus V, alikuwa kijana wa ukoo wa Habsburg ambaye hata miaka 18 hakufika. Alimwapia Erzsébet Szilágyi, mama yake László, kwamba kisasi hakitakuwepo. Mama akaamini. Miezi michache baadaye László alikamatwa Buda na kuhukumiwa kifo.

Masimulizi yanasema shoka lilishuka mara tatu na kichwa hakikukatika. Kwa desturi, aliyenusurika mapigo matatu alistahili kuachiwa. László akainuka akajaribu kutembea, akajikwaa kwenye vazi lake refu akaanguka, na mfalme akatoa ishara ya pigo la nne. Tukubali tusikubali habari ya mapigo, habari ya kiapo kilichovunjwa haina mjadala. Na yule binti aliyepiga magoti, Mária Gara, anamlilia mtu ambaye baba yake mzazi, László Garai, alikuwa miongoni mwa wakuu waliomwangamiza. Madarász hakuhitaji kumchora Garai. Kila Mhungaria aliyeitazama picha alikijua kisa, kwa kuwa Ferenc Erkel alikuwa amekwisha kukitungia opera mwaka 1844, na watu walitoka ukumbini wakiimba nyimbo zake.

Sasa turudi 1859. Hungaria ilikuwa chini ya mtawala mwingine wa ukoo uleule wa Habsburg, Kaizari Franz Joseph. Miaka 10 kabla, uasi wa taifa hilo ulikuwa umezimwa kwa msaada wa majeshi ya Tsar Nicholas I wa Urusi. Tarehe 6 Oktoba 1849 makamanda 13 waliuawa katika mji wa Arad, na siku hiyohiyo waziri mkuu wa zamani, Lajos Batthyány, akapigwa risasi mjini Pest. Kijerumani kikafanywa lugha ya ofisi, na magazeti yakakaguliwa neno kwa neno. Hakuna aliyeweza kuchora makamanda wa Arad na kutundika picha hiyo hadharani. Lakini kijana aliyeuawa miaka 400 iliyopita na Habsburg aliyevunja kiapo? Hiyo ni historia ya kale tu, bwana mkaguzi. Anayezijua mipasho ya taarabu haelezwi zaidi: jina halitajwi, na ukumbi mzima unajua anayesemwa.

Hapo ndipo penye ufunguo wa maisha yote ya Madarász, ya kupanda kwake na ya kuanguka kwake. Alikuwa bingwa wa kulisemea taifa lililozibwa mdomo. Siku mdomo ulipofunguliwa, msemaji akawa hahitajiki.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1830 huko Csetnek, katika milima ya madini ya kaskazini mwa Hungaria ya wakati ule. Leo mji huo unaitwa Štítnik na uko Slovakia. Familia yake ilikuwa ya watu wenye uwezo, walioishi kwa chuma, na hakuna aliyetazamia kwamba mtoto wao angeshika brashi. Njia aliyowekewa ilikuwa ya sheria. Mapinduzi ya 1848 yakaivuruga. Kijana akajiunga na jeshi la wazalendo, akapigana, akapanda hadi cheo cha luteni. Franz Joseph, aliyekalia kiti cha enzi Desemba mwaka huohuo, alikuwa rika lake: naye alizaliwa 1830. Vijana wawili wa miaka 18, mmoja na taji kichwani, mwingine na bunduki begani.

Vita viliisha Agosti 1849 kwa kujisalimisha pale Világos. Maisha ya askari walioshindwa tunaweza kuyapita haraka, maana yalifanana kwa maelfu yao: kujificha, kuogopa kubishiwa hodi usiku, kisha kutafuta namna ya kuanza upya. Madarász aliirudia sheria, akaiacha, akaanza masomo ya uchoraji. Mwaka 1853 akaenda kusomea sanaa palepale mji mkuu wa adui, Vienna. Wengine wameona ajabu katika hilo. Mimi sioni. Mwanafunzi huenda iliko shule, na shule ilikuwa Vienna.

Huko alipitia chuo cha sanaa, kisha akafundishwa na Ferdinand Georg Waldmüller, mchoraji aliyependa jua la mchana na watu wa mashambani, na aliyegombana na chuo chake mpaka akastaafishwa kwa lazima. Ni mchezo wa bahati kwamba mwalimu wa mwanga wa jua alimfunza kijana ambaye angekuja kusifika kwa magereza na makanisa yenye giza. Mwaka 1855 Madarász alichora Kuruc na Labanc, picha ya ndugu wawili waliosimama pande mbili za vita, mmoja akiwa mwasi, mwingine akimtumikia kaizari. Mwaka uliofuata akachora Ndoto ya Mkimbizi, juu ya Imre Thököly, mtawala mwasi aliyeishia uhamishoni. Vita viliisha uwanjani, lakini kichwani mwa luteni viliendelea.

Mwaka 1856 alihamia Paris, na hapo ndipo alipokuwa mchoraji kamili. Aliingia katika karakana ya Léon Cogniet, mmoja wa walimu waliokimbiliwa sana na wanafunzi wa mataifa mbalimbali. Zaidi ya Cogniet, hewa ya Paris ilikuwa bado imejaa Paul Delaroche, aliyefariki mwaka huohuo. Delaroche alikuwa ameifundisha Ulaya kwamba historia haihitaji farasi 200 na moshi wa mizinga. Inatosha chumba kimoja, watu wawili au watatu, na dakika moja kabla au baada ya jambo la kutisha. Ukiitazama picha yake ya kuuawa kwa Lady Jane Grey, iliyoko London, kisha ukaitazama ya Hunyadi, unaona shule ilikotoka. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Delaroche alihadithia misiba ya Uingereza ambayo haikumuuma yeye. Madarász alikuwa na wafu wake mwenyewe.

Hivi ndivyo mkondo wa sanaa uitwao ulimbwende ulivyokuwa katika nchi zilizotawaliwa. Kwingine wachoraji wa mkondo huo walikwenda kutafuta bahari yenye dhoruba, magofu ya kale au masoko ya Algeria. Mhungaria, sawa na Mpolandi, alitafuta kaburi la babu.

Picha ya Hunyadi ilionyeshwa katika Salon ya Paris mwaka 1861 na kumletea medali ya dhahabu. Kwa kijana mgeni huo ulikuwa mlango wa dunia, kwa kuwa Salon ndiyo iliyoamua nani ni mchoraji na nani anajifurahisha. Théophile Gautier, mshairi na mhakiki aliyesomwa na kila mtu, aliandika juu yake. Tusisahau pia siasa za wakati ule: mwaka 1859 Ufaransa ilikuwa imepigana na Austria huko Italia na kuishinda Solferino, na Lajos Kossuth, kiongozi wa uasi wa Hungaria aliyekuwa uhamishoni, alikuwa amekaa meza moja na Napoleon III. Mhungaria mwenye machozi alikaribishwa Paris. Hilo halipunguzi ubora wa picha. Linaeleza tu kwa nini jicho la Paris lilikuwa tayari kuiona.

Katika miaka hiyo alichora mfululizo ambao ukiupanga ukutani unapata gereza zima. Mwaka 1858 alikuwa amemchora Felicián Zách, yule mwungwana aliyemvamia mfalme kwa upanga huko Visegrád mwaka 1330, kwa sababu, kama masimulizi yasemavyo, binti yake alinajisiwa na ndugu wa malkia. Mwaka 1859, pamoja na Hunyadi, akamchora Ilona Zrínyi akiwa mbele ya mahakimu wake. Mama huyo aliilinda ngome ya Munkács dhidi ya majeshi ya Habsburg kuanzia 1685 hadi 1688, akafia ugenini, Uturuki, mwaka 1703.

Kisha mwaka 1864 ikaja picha ambayo mimi naiweka karibu sawa na ya Hunyadi: Péter Zrínyi na Ferenc Frangepán gerezani Wiener Neustadt. Zrínyi ndiye baba yake Ilona. Yeye na Frangepán walikuwa mashemeji, kwani Katarina, mke wa Zrínyi, alikuwa dada wa Frangepán kwa baba. Walipanga njama dhidi ya Kaizari Leopold I, njama ikavuja, na tarehe 30 Aprili 1671 wote wawili walikatwa vichwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo Zrínyi alimwandikia mkewe barua ambayo Wakroatia huisoma hadi leo, maana mashujaa hawa ni wao pia. Mifupa yao ilihamishiwa kanisa kuu la Zagreb mwaka 1919. Madarász aliwachora mashemeji wakiagana. Kwa mara nyingine hakuna upanga unaoshuka. Mchoraji huyu alijua kwamba kabla na baada ya kifo ndiko kwenye mambo, na kwamba kifo chenyewe, ukikichora, hugeuka mchezo wa jukwaani.

Halafu ukaja mwaka 1867.

Austria, iliyokuwa imepigwa na Prussia mwaka mmoja kabla, iliona afadhali kuelewana na Wahungaria. Mapatano yakatiwa saini, Hungaria ikapata bunge na serikali yake, na tarehe 8 Juni Franz Joseph akavikwa taji la Hungaria huko Buda. Mmoja wa waliomvika taji hilo alikuwa waziri mkuu mpya, Gyula Andrássy, ambaye mwaka 1851 akiwa uhamishoni jina lake lilitundikwa kwenye mti wa kunyongea kwa amri ya serikali ya kaizari huyohuyo. Watu walipiga makofi. Na kwa nini wasipige? Walikuwa wamechoka.

Kuona jinsi mambo yalivyogeuka, Wakenya wanao mfano wa kwao. Mwaka 1888 Sámuel Teleki, lodi wa Kihungaria aliyekuwa ametokea pwani ya Pangani pamoja na Ludwig von Höhnel, alifika kwenye ziwa ambalo wenyeji wa kando yake walilijua tangu zama za mababu. Akalipa jina la Rudolf, mwana wa Franz Joseph. Ndilo Turkana tunalolijua leo. Kwa Mhungaria wa 1850 kumpa mtoto wa Habsburg heshima hiyo kungekuwa aibu. Kwa lodi wa 1888 ilikuwa adabu tu.

Madarász hakugeuka na wakati. Mwaka 1868 alichora watu wa György Dózsa, kiongozi wa wakulima walioasi mwaka 1514, aliyeuawa kwa kuketishwa juu ya kiti cha enzi cha chuma kilichokolezwa moto na kuvikwa taji la moto. Tazama uchaguzi huo. Dózsa hakuwaasi Wahabsburg; aliwaasi malodi wa Kihungaria, babu zao haohao waliokuwa wakisherehekea mapatano na ambao ndio wenye fedha za kununua picha. Mwaka huohuo akamchora Mihály Dobozi, anayesimuliwa kuwa alimuua mkewe asiangukie mikononi mwa Waturuki, baada ya wao kuliangamiza jeshi la Hungaria mwaka 1526. Nchi ilikuwa inajenga reli, madaraja na mabenki, naye analeta tena maiti.

Mwaka 1870, Ufaransa ilipoingia vitani na Prussia, alirudi nyumbani baada ya miaka 14. Alijaribu kubadilika. Picha yake ya Gábor Bethlen akiwa kati ya wanazuoni wake, ya mwaka huohuo, inamwonyesha mtawala wa Transylvania wa karne ya 17 akiwa amezungukwa na watu wa elimu. Ni mada ya amani, mada ya taifa linalotaka kujiona limestaarabika. Wahakiki waliipokea kwa baridi, na kwa hili nawaunga mkono. Mkono uliozoea kuchora wanaosubiri kufa haukujua la kufanya na watu wanaozungumza vitabu. Hakuna linalotokea katika picha ile.

Mwaka huohuo Mhungaria mwingine alipata medali ya dhahabu Paris. Mihály Munkácsy, aliyezaliwa 1844 na kukulia useremala, alionyesha Siku ya Mwisho ya Mtu Aliyehukumiwa Kufa. Soma jina hilo tena. Ni mada ya Madarász hasa: mtu ndani ya chumba, kifo kesho. Lakini mfungwa wa Munkácsy hana jina wala ukoo. Ni mtu wa kijijini, na waliokuja kumtazama ni wanakijiji wenye viatu vya matope. Uhalisia ulikuwa umeingia, na mashujaa waliovaa mahameli walianza kuonekana wa kizamani.

Wenzake wa kizazi chake walijua kujipanga. Bertalan Székely aliingia kufundisha na kupamba kuta za majengo. Gyula Benczúr, aliyekuwa mdogo kwao, alichora wafalme na ubatizo wa wafalme kwa rangi zinazong'aa, na kazi hazikumwishia. Madarász alitoa picha ya kifo cha Petőfi, mshairi wa mapinduzi ya 1848, mwaka 1875, kisha taratibu brashi ikawekwa chini. Akarudia kile alichozaliwa nacho, yaani biashara ya chuma ya baba yake. Mtu aliyepokea medali ya dhahabu mbele ya Ulaya nzima akawa anashughulika na mizigo na madeni. Biashara nayo ikafilisika.

Mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa amepita miaka 70, alishika brashi tena. Picha za uzeeni hazina nguvu ya zile za Paris, na si kosa la mkono peke yake. Wachoraji vijana wa Hungaria walikuwa wamekwisha kutoka nje, wakichora miti na jua katika kambi ya wasanii ya Nagybánya iliyoanzishwa mwaka 1896. Kwao mzee huyu alikuwa jina la kitabuni. Alikufa Budapest tarehe 10 Januari 1917, katika umaskini, katikati ya vita vilivyokuwa vikiendelea kumeza vijana wa dola ile. Siku 50 tu kabla yake, tarehe 21 Novemba 1916, alikuwa amefariki Franz Joseph. Dola yenyewe haikumaliza miaka miwili baada yao.

Wapo wanaomwita Madarász mchoraji wa picha moja. Wanamwonea. Ni mchoraji wa picha mbili kubwa, tatu nne nzuri, na nyingi za kawaida, na wachoraji wengi mashuhuri wakihesabiwa kwa haki hawazidi hapo. Munkácsy alimshinda kwa ufundi, na Székely alimshinda kwa elimu ya rangi. Hakuna kati yao aliyewahi kukaa ndani ya msiba kama alivyokaa yeye mwaka 1859. Msomaji anayetaka kumjua aanze na Hunyadi, amruke Bethlen, kisha aishie kwa Zrínyi na Frangepán. Akibaki na muda, amtafute Dózsa, ambaye kwa maoni yangu bado hajapewa haki yake.